Mama Hakusafiri

Mtu anapofariki wodini kwetu, ndugu hutuuliza kwanza habari za jeneza na gari. Habari ya mtoto huja mwisho, na mara nyingi hukatwa kwa sentensi moja: "Mwambieni mama amesafiri." Sisi wauguzi tumelisikia jibu hilo kwa miaka mingi, na tunasema wazi kwamba hatukubaliani nalo.

Tunajua nia ni njema. Mtu mzima huogopa machozi ya mtoto, na pengine huogopa yake mwenyewe. Lakini aliyesafiri hurudi. Mtoto atasubiri basi la jioni, siku baada ya siku, na mwisho ataona kwamba mama amemtupa. "Amelala" nayo ina madhara yake: wapo watoto ambao wakishaambiwa hivyo huogopa kufumba macho usiku. Hata maneno "Mungu amemchukua kwa kuwa alimpenda" yatumiwe kwa uangalifu. Tumaini letu la ufufuko mtoto alisikie, ni haki yake. Ila mwenye miaka sita akisikia kuwa Mungu huchukua mama za watu, atamwogopa Mungu huyo, na hapo katekista atakuwa na kazi.

Ndugu wazazi, semeni "amekufa". Elezeni kwa maneno machache: mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hatarudi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi bado haelewi kwamba kifo hakina marejeo, kwa hiyo atauliza tena kesho na kesho kutwa. Mjibuni vile vile bila kumkaripia. Aliye mkubwa kidogo aweza kudhani yeye ndiye chanzo, kwa sababu siku moja alimkasirikia mama. Msingoje aulize. Mwambieni ni ugonjwa uliomwua, si hasira zake.

Analia asubuhi na mchana anacheza mpira? Huo si utovu wa adabu. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani aweza kuanza tena, au akalalamikia tumbo kila siku ya shule. Mleteni apimwe, maana malaria haichagui yatima, lakini asipoonekana na ugonjwa msimchape.

Linalotuuma zaidi ni kikao cha ukoo baada ya matanga. Watoto hugawanywa, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba, nao wamekaa uani hawajui lolote. Kwa juma moja mtoto anapoteza mama, ndugu zake, shule na rafiki. Umaskini tunaufahamu, na mara nyingine hakuna njia nyingine. Basi aelezwe mapema anakwenda kwa nani, na lini atawaona wenzake, na ahadi hiyo itimizwe.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, ambako UKIMWI uliacha yatima wengi, shirika la Humuliza lilianza katika miaka ya 1990 kuwafundisha walimu namna ya kuwasikiliza watoto waliofiwa. Jina hilo ni la Kihaya, maana yake kufariji. Parokia zetu zina walimu pia, na jumuiya ndogo ndogo zina akina mama wenye masikio.

Miezi ikipita mtoto hali vizuri, hachezi, hasemi na mtu, njoneni hospitali tuzungumze. Akitamka kwamba anataka kumfuata mama, mleteni siku hiyo hiyo.