Sitara ya Mzee

Akina mama wa Noonkopir wameuliza: je, ni dhambi kumweka mzazi katika nyumba ya wazee, ilhali mume na mke wote hushinda kazini Athi River?

Asili ya wajibu huu ni wa watoto, na hilo halina ubishi. Suratul Israa imekataza hata "uff" mbele ya mzazi aliyefikia uzee. Lakini mzazi aliyefungiwa chumbani peke yake tangu alfajiri hadi magharibi hajatunzwa, japo yumo kwa mwanawe. Unguja kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo. Jambo lenyewe si geni kwetu.

Basi kabla ya kumpeleka, ingia uulize. Nani atamwogesha mama? Ni mwanamke mwenzake? Hufunga mlango na kumfunika shuka? Asiyeweza maji atasaidiwa kutayamamu, aelekezwe kibla aswali ameketi? Huitwa kwa jina lake, au "yule wa kitanda cha tatu"? Nepi hubadilishwa mara ngapi? (Sioni haya kuliandika hili, najisi humvunjia mzee heshima kuliko njaa.) Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imempa mzee haki ya kuishi kwa heshima, hivyo usijione unaomba fadhila.

Na mkishampeleka, mwendeeni siku msiyotarajiwa, saa ya kulishwa.