Kuta Pekee Hazilindi Urithi

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Mombasa kutoka Kismayu, usiipite Ngome ya Yesu pasipo kuingia. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Cairati alifuata kanuni za Renaisansi, zama ambapo Waitalia walifufua elimu ya Warumi na Wayunani. Ndiyo maana ngome hiyo, ikitazamwa kutoka juu, ina umbo la mwili wa binadamu. Ilijengwa ili kuutiisha mwambao, na Waingereza wakaifanya gereza. Leo ni jumba la makumbusho. Ndani yake mna vyombo vilivyofukuliwa katika miji yetu ya kale, na vingine vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Huenda ukasema kwamba wenzetu wamebahatika kuwa na jengo imara. Hapo sikubaliani nawe. Mogadishu nayo ilikuwa na Garesa, kasri la enzi ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, lililogeuzwa makumbusho wakati wa utawala wa Waitalia. Dola ilipoanguka mwaka 1991, hazina yake iliporwa. Jengo lilikuwapo, kilichokosekana ni sheria na watu wa kuisimamia.

Sasa tuvitazame visiwa vya Wabajuni. Koyama na Chovai vina magofu ya majengo ya mawe ya matumbawe, ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachunguza katika miaka ya 1960. Tangu vita vianze, wenyeji wengi wamekimbilia Kenya na nchi za mbali, na wazee wajuao kaburi lipi ni la nani wametawanyika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tusikae tukingojea kasri. Jiwe la gofu lising'olewe kwenda kujengea ukuta wa nyumba. Wazee waulizwe majina ya mahali na ya waliozikwa, nayo yaandikwe kwa Kibajuni kama wanavyoyatamka. Viongozi wetu wa Kismayu nao waulizwe hadharani ni nani aliyekabidhiwa ulinzi wa magofu hayo. Swali hilo ni haki ya raia, na kuliuliza ni wajibu wake. Mzee aliye karibu nawe, iwe Kismayu au Mombasa, umemwuliza nini mwaka huu?