Mbuzi Mmoja, Maana Mbili

Majuzi nilialikwa arusini mjini Ruiru. Bwana arusi alikuwa Mkikuyu wa papo hapo. Bibi arusi, binti wa Kikamba aliyelelewa Thika. Vyakula na nyimbo vilikuwa vya pande zote mbili, na mfawidhi alisema lugha tatu bila kujikwaa. Hata hivyo, mbuzi walipoletwa, mzee mmoja wa upande wa binti aliuliza: "Hawa ni wa ntheo au ni wa ngurario?" Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka.

Kwa Wakamba, ntheo ni mbuzi wanaopelekwa kwao binti, na pasipo hao ndoa haijasimama. Kwa Wakikuyu, ngurario ndiyo karamu inayoitia ndoa muhuri. Kiisimu, mbũi wa Kikamba, mbũri wa Kikuyu na mbuzi wa Kiswahili ni neno moja lenye asili moja ya Kibantu. Lakini umoja wa neno si umoja wa maana.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale. La hasha! Katika kesi za urithi, mahakama zetu zimeuliza mara kwa mara iwapo ntheo au ngurario ilifanywa, na aghalabu swali hilo huulizwa mume akiwa kaburini na mjane hana cheti mkononi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaruhusu ndoa ya kimila ifungwe kwa desturi za jamii ya mmoja wa wachumba, au za wote wawili. Aidha, inawataka wamwarifu msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya taratibu kukamilika. Je, zimekamilika kwa kipimo cha nani? Hapo ndipo mseto usio na maafikiano unapoumiza, na anayeumia zaidi ni mwanamke.

Sipingi kuchanganya mila. Katika sensa ya mwaka 2019, Ruiru ilikuwa na wakazi zaidi ya 490,000, wengi wao wakiwa wametoka kwingine. Thika nayo imepokea wageni tangu enzi za mashamba ya mkonge na kahawa. Vijana wao wataoana tu. Kiswahili chenyewe kiliyakopa maneno "arusi" na "mahari" kutoka Kiarabu, lakini kiliyatia katika ngeli zake, hakikuyaacha yaelee. Mila nazo zahitaji sarufi: wazee wa pande mbili waketi kabla ya siku yenyewe, wakubaliane kila tendo lina maana gani na kwa nani.

Walimu, wapeni wanafunzi wenu kazi ya kuwahoji wazee juu ya matendo haya. Nanyi vijana mtakaooana kesho, liulizeni swali la yule mzee mapema, mliandike jibu lake, kisha mwende kwa msajili. Mbuzi akishaliwa, hatoi ushahidi.