NYUMBA ZA MTEREMKONI: TUACHE KUKATA KILIMA



Toka ziwa lilipopanda mwezi wa tano 2020, likapita hata kina cha 1964 wanachokisimulia wazee, wenzetu wanatafuta viwanja juu. Ni haki yao. Hata sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 toka ukingoni.

Ubaya ni namna ya kujenga. Mtu anashika sururu, anakata kilima, udongo anaumwaga upande wa chini, basi nusu ya nyumba inakaa penye udongo mgumu na nusu juu ya kifusi. Masika moja tu kifusi kinashuka, ukuta unapasuka katikati, halafu eti fundi kaiba saruji! Na nyuma ya nyumba ule ukingo uliokatwa wima unangoja kunywa maji. Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80. Kilima chetu siyo Hanang, nakubali, lakini maji ni yale yale.

Mimi naona nyumba ifuate kilima. Urefu wake ukingame na mteremko. Msingi uchimbwe ngazi ngazi, kila ngazi bapa kwa pima maji, mpaka udongo mgumu au mwamba. Mawe tunayo, tena ya bure. Ukuta wa mawe upande hadi usawa wa sakafu, uachiwe matundu ya kutolea maji, ufungwe mkanda wa zege wenye nondo. Juu yake mbao, maana ni nyepesi, na msingi ukicheza kidogo mbao hujipinda pale ambapo tofali lingepasuka. Mtasema mchwa. Ndiyo, wapo! Kwa hiyo mbao ianze futi moja na nusu toka ardhini. Wakipanda, njia yao ya udongo unaiona kwenye jiwe na unaikwangua.

Mtaro wa juu ya nyumba uchimbwe kabla ya msingi, na maji yasielekezwe kwa jirani wa chini. Kesi za namna hiyo balozi amezichoka.

Naiomba kamati: mkopo wa saruji kwa nyumba ya mlimani usitoke mpaka mjumbe mmoja na fundi mwashi wapande kuuona huo mtaro na hizo ngazi. Najua itasemwa tunacheleweshana. Mifuko ni ya chama chote. Ukuta ukianguka tutabaki kumdai mtu asiye na nyumba. Hoja iingie mkutano ujao, kabla ya vuli.

Mwanachama, Guta