Ukipita kwa Wenye Chongo



Wasomaji wetu wapenzi, likizo ya Agosti hututawanya. Wako wanaokwenda Lamu na Unguja, wako wanaovuka bahari hadi Muscat na Dubai, na wako wanaofika Ulaya kuwazuru ndugu waliohamia huko. Juma hili tumeona tuwasimulie jambo lililotukabili London, kwani huenda nanyi likawakuta, kama si huko basi kwingineko.

Tulikuwa watu wanne: sisi, mavyaa wetu, binti yetu wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 8. Baba watoto alibaki Mombasa kwa ajili ya kazi. Tulifikia kwa wifi yetu, ambaye nyumba yake iko mitaa michache tu kutoka barabara ya Ladbroke Grove, magharibi mwa jiji. Siku ya Jumatano tuliona mafundi wakipigilia mbao kwenye madirisha ya maduka. Mavyaa akauliza kama kuna vita inayokuja. Wifi akacheka, akamwambia, "La, mama, ni Karnivali."

Karnivali ya Notting Hill hufanywa kila mwaka Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Agosti, ambayo ni siku ya mapumziko huko Uingereza, pamoja na Jumapili iitanguliayo. Kiingilio hakuna, ni barabara zenyewe zinazofungwa, na kituo cha treni cha Ladbroke Grove hufungwa nazo. Kwa siku hizo mbili hupita humo watu wapatao milioni moja, na mara nyingine zaidi. Jumapili huhesabiwa kuwa siku ya watoto na familia. Jumatatu ndiyo siku ya watu wazima, na ndiyo yenye shindo kubwa zaidi.

Jioni ile binti yetu akaja akasimama mlangoni. "Mama, dada amesema Jumatatu twende naye na wenzake." Dada ni binamu yake, bintiye wifi, mwenye miaka 17. Tukamwambia hapana kabla hajamaliza maneno yake. Ulevi, ngoma na watu nusu uchi: tulidhani kwamba hayo yametosha kuwa jawabu.

Wifi akaweka kikombe chake chini. "Wifi, miaka kumi na tisa nimelea wanangu hapa. Nyinyi mwaja wiki tatu, na kila kitu changu mwakitia mizanini."

Hatukuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tukipima mavazi ya wanawe, saa zao za kulala na Kiswahili chao kilichopungua, na tulidhani haonekani mpimaji. Mavyaa ndiye aliyeuvunja ukimya. "Mtoto ameuliza," alisema, "naye hakujibiwa, amekatizwa. Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake wanaoshauriana katika mambo yao. Basi tukaeni tushauriane."

Binti yetu, ambaye shuleni husifiwa kwa insha, akaanza na methali: "Bibi, si mwatufunza wenyewe kwamba ukipita kwa wenye chongo, fumba lako jicho?" Mavyaa akatabasamu. "Naam, mjukuu wangu. Lakini waliosema wamesema ulifumbe, hawakusema ulitoboe. Jicho lililofumbwa, ukishapita, hufumbuka tena. Basi hebu tuulizane: katika jambo hili, lipi ni kufumba na lipi ni kutoboa?"

Ikawa ndiyo mizani yetu usiku ule. Jambo la kwanza lililoulizwa ni kama hii ni ibada ya dini nyingine, kwa kuwa Muislamu hashiriki ibada isiyo yake. Wifi alitueleza asili yake. Karnivali ya Trinidad ilitokana na desturi ya Wakatoliki waliokuwa wakisherehekea kabla ya Kwaresima. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830, watu weusi waliokuwa watumwa waliingia nayo barabarani na kuifanya furaha yao ya uhuru. Ile ya London haina uhusiano na Kwaresima. Mwaka 1958 vijana wa Kizungu waliwashambulia watu wa Karibiani katika mitaa ile ile ya Notting Hill. Januari 1959, Claudia Jones, mwandishi mzaliwa wa Trinidad, aliandaa karnivali ndani ya ukumbi wa St Pancras ili watu wake wainue vichwa. Mei ya mwaka huo huo, seremala mmoja kutoka Antigua, Kelso Cochrane, aliuawa kwa kisu mtaani humo. Mwaka 1966 sherehe ikatoka nje barabarani, kwa juhudi za Rhaune Laslett, na tangu hapo haikurudi ndani.

Kwa hiyo si ibada. Lakini kutokuwa ibada hakukufanyi kila kilichomo kuwa halali. Tulitaja bila kuficha: pombe huuzwa na kunywewa waziwazi, mavazi ya wachezaji wengi ni manyoya na vipande vichache vya nguo, vipo vituo vya muziki zaidi ya thelathini, vyenye spika za kimo cha mtu, ambapo watu hucheza wakiwa wamebanana. Binti yetu mwenyewe alikubali kwamba kuingia kati ya msongamano ule siku ya Jumatatu, pamoja na vijana wasio maharimu wake, kungekuwa kutoboa. Akatazama chini, akauliza, "Basi hakuna kitu chochote pale cha sisi kukiona?"

Hapo wifi akasema jambo ambalo hakuwahi kutusimulia kwenye simu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, ulikuwa mwezi wa Ramadhani, jengo la Grenfell, mwendo mfupi kutoka hapo, liliwaka moto. Walikufa watu 72, na wengi kati yao walikuwa Waislamu. Waliokuwa macho wakisubiri daku ni miongoni mwa waliogonga milango ya majirani kuwaamsha. Asubuhi msikiti wa Al-Manaar ulifungua milango kwa kila aliyekuja, wa dini yoyote. "Tangu mwaka ule," wifi alisema, "karnivali ikifika saa tisa za mchana, muziki wote huzimwa. Watu wote wale husimama kimya, na siku hizi ni sekunde 72, sekunde moja kwa kila aliyekufa. Mimi kila mwaka hutoka kwa ajili ya hiyo tu. Kisha hurudi nyumbani."

Mavyaa alikaa kitambo. Halafu akasema, "Jumapili nami nitatoka."

Tulimpigia simu baba watoto. Hakuridhika. Alisema kwamba mtoto wa miaka 8 hatakumbuka kile kimya, atakumbuka ngoma. Tulimsikiliza, kwani neno lake lilikuwa na uzito, na mwisho akatuachia uamuzi kwa sharti tusimwachie mtoto mkono. Tukapanga hivi. Tutatoka Jumapili, siyo Jumatatu. Tutasimama mwisho wa mtaa wa wifi, hatutaingia kwenye msafara. Kwa kuwa tulinuia kukaa wiki tatu, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi hatukuwa tena na ruhusa ya msafiri ya kupunguza sala wala kuzikusanya. Ilibidi kila sala iswaliwe kwa wakati wake. London mwishoni mwa Agosti Adhuhuri huingia karibu na saa saba, na Alasiri kabla kidogo ya saa kumi na moja. Kimya cha saa tisa kiliangukia katikati. Tutaswali, tutoke, turudi tuswali.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulimwandikia mtoto nambari ya simu ya shangazi yake mkononi kwa kalamu ya wino, tukakubaliana mahali pa kukutania endapo tutapoteana, kwa sababu penye umati kama ule simu hazishiki. Tulikula nyumbani, tukachukua maji. Tuliona watoto waliovaa mabawa ya vipepeo, na kundi la wazee wakipiga ngoma za chuma zilizozaliwa Trinidad kutokana na mapipa ya mafuta. Tuliona pia ya kuinamishiwa macho, tukayainamisha. Mara moja mlevi alipepesuka karibu nasi, na kijana aliyevaa manyoya ya dhahabu akamshika mkono akamwondoa, akamwomba radhi mavyaa.

Saa tisa ilipofika muziki ukazimika. Tulisikia mtoto mchanga akilia mtaa wa pili. Mavyaa aliinua viganja, akawaombea marehemu, na wifi alisimama kando yake akilia bila sauti. Muziki uliporudi tuligeuka kwenda nyumbani. Mdogo alitaka kubaki, akalia njia nzima. Baba yake alikuwa amesema kweli.

Jumatatu binamu yake alikwenda na wenzake kwa idhini ya mamake. Hatukusema neno, na safari hii hatukusema hata kwa macho. Binti yetu alibaki akimsaidia bibi yake kukanda unga wa mahamri.

Tuliporudi Mombasa, usiku mmoja alitujia jikoni akatuambia kwamba siku ile ya Jumatano, tulipomkatiza, walikuwa wameshapatana na binamu yake: angejifanya anakwenda dukani, na asingerudi hadi jioni. Nguo alikuwa ameshaziazima. "Niliacha," alisema, "kwa sababu bibi aliniuliza nami."

Tumeyaandika haya si kwa kusema kwamba kila familia ifanye tulivyofanya. Baba watoto hadi leo anaona tungebaki ndani, na huenda yeye ndiye aliyepatia. Mtakaosafiri mtakutana na sherehe za wenyeji wenu, na mtaulizwa na watoto wenu. Ulizeni kwanza ni kitu gani, kisha ni siku gani na pamoja na nani, mtaswali wapi, na mtatokaje. Mwenyeji wenu naye mumsikilize kabla ya kumpima, kwani ameishi na maswali hayo miaka mingi kuliko nyinyi. Na jawabu likiwa ni hapana, basi liwe hapana iliyomsikia mwenye kuuliza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awahifadhi wanetu walio karibu na walio mbali, na aturejeshe sote salama kwetu. Wabillahi tawfiq.