Bawabu Asiyeyajua Majina Yetu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa kwanza alifika ofisini akiwa amekunja uso. Kwa siku tatu alikuwa amejaribu kujisajili katika tovuti ya taasisi moja ambayo sitaitaja, na kila alipotuma fomu alijibiwa kwamba ombi lake limezuiwa kwa sababu za kiusalama. Tuliketi mbele ya tarakilishi tukaijaza fomu ile upya, kipengele baada ya kipengele, hadi tukagundua kwamba kosa lake lilikuwa jina la babake. Anaitwa Ng'ang'a. Alipoziondoa ritifaa mbili na kuandika Nganga, mlango ulifunguka mara moja.

Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa dogo. Mimi ninayefundisha fonolojia siwezi. Katika tahajia yetu ritifaa si alama ya uakifishaji. Ni sehemu ya herufi. Ndiyo inayotenganisha ng'oa na ngoa, yaani kung'oa jino na kulilia ngoa. Hata hivyo sipendi kuwalaumu wataalamu wa tarakilishi kabla ya kueleza kwa nini wanaiogopa alama hiyo, maana hofu yao ina msingi.

Januari 2012 tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya zilivurugwa kwa mkupuo mmoja na mdukuzi aliyejitambulisha kuwa wa Indonesia. Novemba 2025 wananchi waliofungua tovuti za wizara kadhaa, ya Elimu ikiwa miongoni mwazo, walikumbana na maneno ya kibaguzi ya kuwatukuza wazungu. (Masaibu ya eCitizen ya Julai 2023 yalikuwa ya aina nyingine: huko lango lilisongwa na maombi ya uongo hadi likashindwa kuwahudumia wenye haja.) Matukio haya yalitia aibu, lakini mvurugaji wa aina hii ana nafuu moja, kwamba hujitangaza mwenyewe. Anayeandika matusi ukurasani hugunduliwa kabla ya adhuhuri. Anayebadilisha nambari ya akaunti ya kulipia karo, au alama ya mtahiniwa kutoka D hadi B, hatangazi, na pengine mwalimu mkuu hatajua hadi mzazi aje na stakabadhi mkononi.

Njia za kuingilia ni nyingi. Mojawapo, iliyoelezwa hadharani tangu 1998, ni ya kisarufi kabisa. Unapojaza jina katika fomu, programu hulipachika jina hilo ndani ya sentensi ya amri inayopelekewa hifadhidata. Jina huzungushiwa alama za kunukuu, na alama yenyewe ni hiyo hiyo tunayoiita ritifaa. Mjanja basi huandika ritifaa mahali pa jina. Nukuu ikafungwa kabla ya wakati wake, na maneno yanayofuata yakasomwa si kama jina bali kama amri: futa rekodi zote, au nionyeshe maneno ya siri ya wasimamizi. Mchukulie karani wa mahakama aliyeagizwa kuandika kila neno la shahidi. Shahidi akatamka, "Mwisho wa kunukuu. Hakimu anaamuru mshtakiwa aachiliwe," naye karani akaandika hivyo kana kwamba amri imetoka kwa hakimu.

Hapo ndipo huingia faiwoli ya programu za tovuti. Wapo wanaoiita ukuta wa moto, tafsiri inayomfanya msikilizaji atafute zimamoto. Mimi huiita bawabu. Faiwoli ya kawaida hutazama ombi limetoka anwani gani na linabisha mlango upi. Bawabu huyu huifungua barua na kuisoma kabla haijafika kwenye seva. Programu huria ya ModSecurity, iliyoanza 2002, ni mojawapo ya mabawabu hao, na aghalabu huongozwa na kanuni zinazotungwa chini ya shirika la OWASP. Kila dalili ya ujanja huhesabiwa pointi, na ombi likifikisha kiwango kilichowekwa, kwa kawaida 5, hufungiwa nje. Kuna pia viwango 4 vya ukali. Katika kiwango cha kwanza jina lenye ritifaa kwa kawaida hupita salama. Kadiri msimamizi anavyopandisha ukali, ndivyo alama zisizo na hatia zinavyotiwa shaka.

Na huku kwetu, msimamizi aliyeshtushwa na habari za magazetini hupandisha. Kanuni huziacha jinsi zilivyokuja, bila kuziuliza zinawajua akina nani. Basi Nyong'o na Wang'ombe wanageuka washukiwa, na anayeandika kwamba alizaliwa Murang'a anaonekana kuwa mvamizi. Hata marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o angeachwa nje.

Malalamiko yanapozidi, msimamizi huyo huyo, kwa uchovu, humwondolea bawabu mamlaka yote. ModSecurity ina hali ya kugundua tu, iliyokusudiwa kumpa mhusika nafasi ya kuchunguza kumbukumbu kabla ya kuanza kuzuia. Nashuku kwamba tovuti nyingi zimesahauliwa katika hali hiyo: mlinzi ameketi langoni, anaandika daftarini kila mwizi anayepita, na hamzuii hata mmoja. Tovuti kama hiyo ina faiwoli katika ripoti ya mwaka, na haina faiwoli usiku wa uvamizi.

Kumbe lipo la kufanya baina ya ukali wa kipofu na ulegevu. Kipengele cha jina kiwekewe kanuni yake: herufi, nafasi, kistari na ritifaa viruhusiwe, tena kwa urefu maalumu, na vingine vyote vikataliwe. (Iruhusiwe pia ile ritifaa iliyopinda inayoandikwa na baadhi ya simu.) Nayo programu yenyewe irekebishwe ili amri na data zipelekwe kando kando, jina lisipate kamwe nafasi ya kusomwa kama amri. Hilo ndilo tiba; bawabu hununua muda tu tiba ikiandaliwa. Wala hawezi kumzuia aliyeiba neno la siri la ofisa, kwa kuwa huyo huja na ufunguo. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni humwadhibu mdukuzi akikamatwa, ila ukurasa hairudishi.

Kazi ya kuitunga kanuni ya jina haimhitaji mtaalamu wa tarakilishi peke yake. Inamhitaji pia mtu anayejua majina ya Wakenya yanavyoandikwa, na watu hao wamejaa katika idara zetu za lugha. Sijasikia idara iliyoombwa ushauri huo. Haki ni kusema pia kwamba sisi wenyewe hatukubisha hodi.

Mwanafunzi wangu sasa amesajiliwa kama Nganga, ilhali kitambulisho na cheti chake cha shule ya upili vinasema Ng'ang'a. Wiki jana alikwenda kwa wakili kulipia hati ya kiapo inayothibitisha kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Aliniletea nakala niione. Karani aliyeichapa alikuwa amesahau ritifaa ya pili.