King'amuzi kisichomfunga mnunuzi

Neno king'amuzi likitajwa Tanzania, wengi hukumbuka boksi la televisheni walilolazimika kununua baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012. Mwenye mgahawa aliyetaka kuhama kampuni moja ya matangazo ya kulipia aligundua kuwa boksi lake halihami naye. Alinunua jingine, la kwanza likabaki kabatini.

Huko Ulaya na Marekani wapo wateja wa king'amuzi cha aina nyingine walioukwepa mtego huo. Hao ni watu wazima (ndiyo, watu wazima) wanaotumia fedha nyingi kwa treni ndogo za mfano. Ndani ya kichwa cha treni hukaa king'amuzi kidogo. Reli hubeba umeme pamoja na amri, na kila kichwa hutii amri yenye namba yake tu.

Kutoka kiwandani namba hiyo kwa kawaida ni 3. Mwenye vichwa vitano asipoibadili, vyote vitaondoka kwa pamoja. Kuvipanga si kazi ngumu. Kichwa kimoja huwekwa peke yake kwenye kipande cha reli kilichotengwa, chenye umeme mdogo, ili waya uliofungwa vibaya usiunguze kifaa. Kisha mwenyewe huandika tarakimu, kati ya 0 na 255, katika vyumba vya kumbukumbu: cha 1 ni namba ya kuitwa, cha 3 huamua treni ichanganye mwendo taratibu au haraka, cha 4 namna ya kusimama. King'amuzi kikishapokea hujibu kwa kuishtua mota kidogo. Mambo yakivurugika, vingi hurudi hali ya kiwandani kwa kuandika 8 katika chumba cha 8.

Kinachomhusu mfanyabiashara ni kwamba vyumba hivyo vya msingi ni vilevile kwa kila mtengenezaji anayefuata kipimo hicho. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hornby ya Uingereza ilitoa mfumo wake, Zero 1, mwaka 1979. Ulipoachwa, walioununua walibaki na vifaa visivyoelewana na vya wengine. Katika miaka ya 1990 NMRA, chama cha wapenzi wa treni hizo kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, kilichukua mfumo wa kampuni ya Kijerumani ya Lenz na kuufanya msingi wa kipimo cha wote. Hapakuwa na amri ya serikali. Wateja walijipanga.

Wapo watakaosema mtengenezaji akiweka siri wazi hali mkate wake. Mbona kampuni ndogo ziliingia sokoni, zikashindana kwa sauti na kwa ulaini wa mota?

Wakulima wa jimbo la Colorado, Marekani, ilibidi wasubiri bunge. Sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Januari 1, 2024, inawataka watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wamiliki vipuri, programu na vitabu vya matengenezo.

Ushirika unaoagiza trekta au pampu ya sola hauna sababu ya kusubiri hivyo. Uulize nani anashika funguo za programu, na kama fundi wa kijijini ataruhusiwa kuigusa. Jibu liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.